Kutoka Dodoma hadi Zambia kwa treni si "moja kwa moja"

Makala niliyoisoma inadai kwamba, tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa ya kutoka Dar es Salaam, ilipoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, sisi wa Dodoma tunaweza kwenda Zambia kwa reli moja kwa moja. Sikubaliani kabisa. SGR ina upana wa milimita 1,435 kati ya vyuma vyake na TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, 1,067, hivyo behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine, na tena stesheni za reli hizo jijini Dar es Salaam ni mbili tofauti: ya SGR iko katikati ya jiji, ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, na katikati yake kuna foleni ambayo mama mwenye watoto na mabegi hapaswi kufichwa. Mimi hupanda basi la Iringa kupitia Mtera, kisha naidaka treni ya TAZARA Makambako, ingawa kwa njia hiyo nakosa kipande kizuri kuliko vyote, pale inapopanda kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja, na wauzaji wakiinua ndizi hadi madirishani. Isitoshe, reli hiyo ya kilomita 1,860 inaishia Kapiri Mposhi, mji ulio kaskazini mwa Lusaka. Anayekwenda Lusaka hutafuta usafiri mwingine. Je, kuna msomaji aliyewahi kupata kitanda akipandia Makambako bila kukikatia tiketi mapema?