Pipa Limefunguliwa Lini?

Wiki mbili zilizopita niliingia katika baa moja ya zamani, yenye dari fupi na meza za mbao zilizopauka, nikaona pampu nne za mkono zimesimama juu ya kaunta, nikaagiza painti ya bita, ile eli yenye uchungu. Kijana aliyenihudumia alivuta mpini mara tatu kwa utulivu, glasi ikajaa, povu likatanda. Bia yenyewe ilikuwa angavu na baridi kupita kawaida, nayo ilipita kooni bila kuacha habari yoyote. Nikamuuliza swali ambalo nimezoea kuliuliza: pipa limefunguliwa lini? Akanijibu kwa adabu kwamba chini hakuna pipa, kuna kegi, chombo kilichofungwa cha bia ya kusukumwa kwa gesi. Kwamba bia hiyo imechujwa hamira kiwandani ili idumu majuma mawili baada ya kufunguliwa. Na kwamba imeunganishwa na pampu ya mkono kwa kuwa wateja hupenda kuona mpini ukivutwa.

Simlaumu kijana yule, maana alipoulizwa alisema kweli. Ninayemlaumu ni yule aliyekaa ofisini akaamua kwamba mpini useme uongo kwa niaba yake. Katika nchi hii ya Uingereza, mtu akiona pampu ya mkono anasoma ujumbe mmoja tu: chini ya sakafu hii kuna pipa lenye bia iliyo hai, na kuna mtu anayelitunza. Pampu iliwekwa pale kwa sababu bia isiyosukumwa na gesi ya mtungi lazima ivutwe kwa nguvu za mkono kutoka ghala la chini. Ukiiunganisha na kegi, umebakiza ishara na kuondoa kitu chenyewe. Mgeni anayejaribu eli, bia ya jadi ya nchi hii, kwa mara ya kwanza atalipa, atakunywa na kuondoka akiamini kwamba eli ndiyo hiyo, na hatakuwa na sababu ya kuiagiza tena.

Anayeona kwamba ninakuza jambo dogo na atazame kinachotendeka ndani ya pipa. Eli halisi hutoka kiwandani ikiwa bado na hamira yake na sukari kidogo, na huendelea kuchachuka humo humo ndani ya pipa. Gesi iliyomo ni ile iliyojizalisha yenyewe, laini na ya kadiri. Pipa linapofika baa hulazwa ubavu juu ya kichanja, likaachwa litulie. Mtunza ghala hutoboa kizibo cha juu na kuchomeka kigingi cha mti laini, ambacho vinyweleo vyake hupitisha pumzi, mpaka fujo ya ndani ipungue; kisha huweka kigingi cha mti mgumu ili kuizuia gesi iliyobaki isitoroke. Hamira hushuka chini taratibu, mara nyingi ikisaidiwa na ute unaotengenezwa kwa kibofu cha hewa cha samaki. Halafu ndipo bomba hugongwa kwa nyundo. Muda huo wote joto la ghala linatakiwa liwe kati ya nyuzi 11 na 13, wala si la friji wala la sebuleni. Tangu painti ya kwanza inapotoka, hewa huingia mahali pake, na kwa kawaida kinachobaki ni siku tatu hivi kabla bia haijaanza kuchacha.

Lugha yetu inaliona jambo hili vizuri, kwa kuwa kuchachuka ni kitu kimoja na kuchacha ni kitu kingine, na kati ya hayo mawili ndipo ulipo utamu wote wa eli. Mtunza ghala mzuri ni yule anayeijua nafasi hiyo kwa pua na kwa ulimi. Landlord, bita ya kiwanda cha Timothy Taylor's inayopikwa Keighley, huhitaji subira kabla ya kuuzwa, na ukiinywa mahali ambapo haikupewa muda wa kutulia utashangaa wanaoisifu wanasifu nini. Ukiinywa mahali ilipotunzwa utakutana na uchungu ulionyooka wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na nyuma yake utamu wa kimea kama ganda la mkate uliotoka jikoni. Kiwanda ni kile kile, na pengine pipa lilitoka siku ile ile. Kilichotofautiana ni mkono wa mtu.

Mimi nimekulia Kilimanjaro, na huenda ndiyo sababu jambo hili linanigusa zaidi ya inavyopasa. Mbege nayo haijui kungoja. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, maji yake yakaachwa siku kadhaa, ukatiwa uji wa ulezi ulioota na uchungu wa gome la msesewe, na pombe ikanywewa ingali inachachuka. Kijijini kwetu hakuna mzee aliyepokea kata bila kuuliza kama ni ya leo au ya jana, na mama muuzaji aliyekuwa akichanganya ya jana na ya leo alijulikana, na watu walipita mlangoni pake bila kusimama. Hapakuwa na sheria ya kumshitaki. Palikuwa na swali ambalo kila mtu aliliuliza, na jibu ambalo kila mtu aliweza kulihakiki kwa kuonja.

Waingereza nao walikaribia kulisahau swali hilo. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilimeza vile vidogo na kujaza baa kwa kegi, bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua hamira, kisha ikatiwa gesi. Mwaka 1971 vijana wanne waliokuwa likizoni Ireland wakaanzisha chama kilichokuja kuitwa CAMRA, yaani Kampeni ya Eli Halisi, na chama hicho kikafanikiwa kwa namna ambayo vyama vya wanywaji havifanikiwi mara nyingi: eli ilirudi. Nawaheshimu sana. Hata hivyo ushindi haukai bila kulindwa. Mwaka 2024 kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikichachusha bia kwa mfumo wa kale wa mji wa Burton, wa mapipa yaliyounganishwa safu kwa safu, kiliuacha mfumo huo, na seti moja tu ikaokolewa na kupelekwa kwa Thornbridge kule Derbyshire. Nilipoisoma habari hiyo nilisikitika kama anayesoma tanzia.

Sasa nikubali ninalopaswa kulikubali, ingawa si kwa furaha. Bia za kegi za leo si zile za miaka ya 1960. Baadhi zinapikwa na watu wenye ustadi mkubwa, na ziko ambazo nazinywa kwa hiari. Tena, painti mbovu kuliko zote nilizowahi kunywa katika nchi hii zilitoka kwenye mapipa, zikiwa na ladha ya siki na joto la mkojo, na zikiuzwa na watu walionitazama machoni na kuniambia kwamba eli ndivyo ilivyo. Anayeuza bia ya namna hiyo anaiua eli kwa kasi kuliko kegi yoyote.

Lakini tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayoeleza ubaya huo unatoka wapi. Pipa la kawaida la baa lina galoni 9, yaani painti 72. Ili liishe ndani ya siku tatu, baa lazima iuze painti 24 kila siku kutoka kwenye pampu hiyo moja. Baa ya kijijini inayopata wateja 15 jioni ya Jumanne, na yenye pampu sita kwenye kaunta, inajitangazia yenyewe kwamba pampu zake nne au tano zitakuwa zikitoa bia iliyopita siku zake. Mwenye baa anaogopa kaunta yenye pampu moja kwa kuwa itaonekana ya kimaskini, kwa hiyo anaweka sita, bia inachacha, wateja wanahamia laga, mauzo ya eli yanashuka, na mapipa yanakaa muda mrefu zaidi. Kisha anakuja muuzaji wa kegi yenye mpini wa mkono na kumwambia kwamba tatizo lake limetatuliwa.

Tiba ipo, na haihitaji uongo. Punguza pampu. Baa yenye bita moja iliyotunzwa vizuri inanitosha mwaka mzima. Liko pia pipa dogo la galoni 4 na nusu, painti 36, ambalo viwanda vingi hujaza kwa anayeagiza, na ambalo baa ya painti 12 kwa siku inaweza kulimaliza kwa wakati. Na kwenye kila pampu, chini ya jina la bia, iandikwe siku pipa lilipofunguliwa. Mchinjaji nyama huandika tarehe, muuza maziwa huandika tarehe. Sioni kwa nini bia yenye uhai wa siku tatu iuzwe bila tarehe. Mwenye kegi naye aiuze kwa bomba lake la kegi, wazi, na anayeipenda ainywe kwa amani.

Kwenye matamasha ya bia swali langu halimuudhi mtu. Mwezi Mei wa mwaka juzi baba mdogo alikuja kututembelea kutoka Marangu, nikampeleka kwenye tamasha la Cambridge, ambalo lilianza mwaka 1974 na siku hizi hufanyika ndani ya mahema pale Jesus Green, karibu na mto. Ukiingia unapewa glasi yenye mistari ya vipimo, theluthi ya painti, nusu na painti nzima, na nilimshauri tubaki kwenye theluthi, tukianza na bia nyepesi, ile maildi nyeusi isiyofika asilimia 4 ya kilevi, tukipanda kwenye bita na pota, eli nyeusi nzito zaidi, na tukiyaacha yale mazito ya asilimia 8 na zaidi kwa glasi ya mwisho. Anayeanza na mazito huua ulimi wake mapema na hasikii tena tofauti ya Fuggle na Goldings, aina mbili za hopsi. Mapipa yamepangwa kwenye vichanja virefu nyuma ya meza, yamefunikwa na kupozwa, na bia hutoka moja kwa moja kwenye bomba la pipa hadi glasi, bila pampu wala bomba refu. Wanaokuhudumia hawalipwi. Ni walimu wastaafu, mafundi na wanafunzi, watu waliochukua likizo zao kuja kuinua mapipa.

Baba mdogo alionja bita yake, akanyamaza kidogo, akaniambia, “Mwanangu, hebu muulize huyu mzee, hili pipa wamelifungua lini?” Sikuwa nimemfundisha. Mzee aliyekuwa akitumimina aliposikia tafsiri yangu alifurahi mno, akajibu kwamba lilifunguliwa jana saa kumi jioni, kisha akamkaribisha baba mdogo asogee pembeni ya kichanja, ambako palikuwa na pipa ambalo lilikuwa bado halijaanza kuuzwa. Juu yake palichomoza kile kigingi cha mti laini, na kuzunguka shina lake povu la rangi ya maziwa lilikuwa likitoka, likipasuka, likitoka tena. Baba mdogo aliinama, akasogeza sikio karibu kabisa na pipa, akabaki hivyo kwa muda. “Inachemka,” akasema. “Bado inachemka.” Wazee wale wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini walisimama pale dakika kadhaa wakilitazama lile povu.

Nyumbani inawezekana pia, na ninawasihi wasomaji wangu walioko huku wajaribu. Njia rahisi ni chupa iliyobakiziwa hamira, kama eli iitwayo 1845 ya kiwanda cha Fuller's, yenye asilimia 6.3. Chupa hiyo isimamishe wima siku mbili mahali penye ubaridi wa kadiri ili mashapo yashuke, kisha imimine kwa mkupuo mmoja, glasi ikiwa imeinamishwa, bila kuirudisha chupa wima katikati, maana ukiirudisha mashapo yote yanaamka. Acha kidole kimoja chini. Watu wengi hununua chupa hizo, huzitoa kwenye friji zikiwa baridi kama barafu, huzitikisa njiani, halafu husema bia ina uchafu.

Njia ninayoipenda zaidi ni kwenda kiwandani na kuchukua boksi la painti 18. Ndani yake mna mfuko unaonywea kadiri bia inavyotoka, hivyo hewa inayoingia ni kidogo. Gereji yetu, kuanzia Oktoba hadi Aprili, hukaa kwenye nyuzi zile zile za ghala la baa, na mke wangu amekubali kwamba rafu ya chini ni ya boksi. Siku ya kwanza bia huwa na ukali fulani, uchungu umetangulia mbele na kimea kimejificha. Siku ya pili huwa imekamilika, na hapo ndipo ninapowaita watu. Siku ya tatu uchungu hulegea, hujitokeza harufu ya tunda kama tufaha lililoiva sana, na wapo wanaoipenda hivyo zaidi. Sijapata kitu kingine cha kunywa kinachobadilika mbele yangu namna hiyo kutoka jioni hadi jioni, na nimejifunza kuwahurumia watunza ghala, kwa sababu mara mbili nimewahi kufungua mapema kwa pupa na mara moja nilichelewa, nikamwaga painti 5 kwenye bustani.

Juzi nimechukua boksi jingine, bita ya asilimia 4. Shemeji anakuja kutoka Leicester na majirani wawili wamethibitisha. Juu ya boksi, upande unaoonekana ukifungua mlango wa gereji, nimeandika kwa penseli: Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.