Lisemwalo lipo?

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, watu wa Pemba walilala nje. Mikeka ilitandikwa uani na viwanjani, moto ukawashwa, majirani wakakaa macho pamoja hadi alfajiri kwa kumuogopa popobawa, shetani anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Hofu ikavuka bahari ikaingia Unguja, na kabla haijatulia ilikuwa imeshaua: mtu mwenye maradhi ya akili aliangukiwa na kundi lililomdhania kuwa ndiye, wakamuua. Njozi ile ilikuwa ya visiwa vizima, lakini waliotenda jinai ni wale walionyanyua mikono.

Nimeyakumbuka hayo barazani kwetu Wete, baada ya sala ya isha, mtu mmoja alipotusimulia kesi ya Gilberto Valle wa Marekani. Si kesi mpya, lakini ilitutoa usingizi. Valle alikuwa polisi wa New York. Usiku akiingia katika tovuti ya watu wenye njozi za kuteka wanawake, kuwatesa na kuwala, akaandikiana humo na watu asiowajua hata sura. Wanawake aliowataja walikuwa wa kweli, watu anaowafahamu, mkewe akiwa mmoja wao. Mke akayagundua kwenye kompyuta, akaondoka na mtoto wake mchanga, akaripoti. Oktoba 2012 Valle akakamatwa. Machi 2013 juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, ikamtia hatiani kwa kula njama ya kuteka, kosa ambalo adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha maisha. Juni 2014 Jaji Paul Gardephe akaifuta hatia hiyo, na Desemba 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwa kura 2 dhidi ya 1.

Baraza zima liliona kuwa mahakama ilikosea. Mzee mmoja mwenye mabinti watatu alitikisa kichwa akasema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani." Hapakuwa na aliyempinga. Mimi nilinyamaza usiku ule kwa heshima yake, na kwa kuwa sikuwa na jibu la haraka. Nalitafuta hapa.

Nimekwama kwenye hesabu moja. Valle aliandikiana hivi na watu 24. Waendesha mashtaka wenyewe walikubali kwamba mazungumzo yake na 21 kati yao yalikuwa njozi tupu. Watatu tu ndio waliodaiwa kuwa wala njama wa kweli. Jaji alipoyaweka mazungumzo ya makundi mawili hayo pamoja akatafuta tofauti, hakuiona. Humu wanawake wa kweli, na mule wanawake wa kweli. Humu vifaa na mipango, na mule vilevile. Valle alijigamba kuwa ana nyumba milimani Pennsylvania yenye chumba cha chini kisichopitisha sauti. Hakuwa nayo. Tarehe za kuteka zilipangwa, zikafika, zikapita, na hakuna katika hao "wenzake" aliyeuliza kulikoni. Hili la tarehe ndilo linalonishika zaidi. Watu wakipatana kwenda kuiba nazi tu, asiyetokea huulizwa kesho yake. Hawa walipatana kuua, siku ikapita kama haikutajwa, wakaanza kupanga tena upya, kama bibi anayerudia hadithi ile ile kwa wajukuu.

Sasa mtu atueleze: nini kiliwatoa wale watatu katika ishirini na nne? Ikiwa maneno ni yaleyale, kilichobaki ni hofu ya msomaji, na hofu haina mizani. Leo itawakamata watatu, kesho wote ishirini na nne, keshokutwa mwanafunzi wa skuli aliyeandika katika daftari lake kisa cha kumchinja mwalimu.

Nisiwadhulumu wanaoona vingine, maana wana hoja zenye uzito. Valle hakukaa kwenye kompyuta tu. Alitumia mfumo wa polisi kutafuta taarifa za mwanamke ambaye hakuwa na shughuli naye ya kikazi. Alisafiri na familia yake hadi Maryland, akakaa meza moja na mmoja wa wanawake aliokuwa akiwaandika. Jaji Chester Straub, aliyepinga uamuzi wa wenzake, aliona kwamba raia wa juri walisikia yote hayo wakaamini, na majaji hawakuwa na haki ya kuwapokonya uamuzi wao. Tena kuna Ujerumani. Mwaka 2001 Armin Meiwes alikutana mtandaoni, katika majukwaa ya njozi za aina hiyo hiyo, na mwanamume aliyekubali kuliwa. Mwanamume huyo akaja nyumbani kwa Meiwes kweli, akauawa kweli. Meiwes alihukumiwa kwanza miaka 8 na nusu, kesi ikarudiwa, na 2006 akafungwa maisha. Anayetaja kisa hiki hasemi upuuzi. Anasema: ule mlango mnaouita wa njozi, kuna aliyeupita.

Lakini tazama Meiwes alivyokamatwa. Mwanafunzi mmoja wa Austria aliona matangazo yake mtandaoni akayaripoti, polisi wakenda kupekua nyumba. Maneno yalitosha kuwapeleka polisi mlangoni, na ni haki yatoshe. Kilichomhukumu ni walichokikuta ndani. Barazani tulivichanganya vitu hivi viwili. Anayesema Valle asifungwe kwa njama hasemi mkewe alikosea kuripoti, wala polisi walikosea kuchunguza. Kuchunguza ni kuuliza. Kuhukumu ni kujibu, na mahakama haina ruhusa ya kujibu kwa dhana.

Kuhusu yale mafaili ya polisi aliyoyafungua, juri ilimtia hatiani kwa hilo pia, na rufaa ikaliondoa kwa kuisoma sheria ya kompyuta kwa upana mdogo. Hapo mimi siko pamoja na rufaa. Askari anayetumia mamlaka ya kazi kumchungulia mwanamke ametenda kitu, na kitu hicho kinastahili adhabu yake yenyewe, kikiwa kikubwa iwe kubwa, kikiwa kidogo iwe ndogo.

Mwalimu wetu wa darsa aliingia na Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma yale ambayo nafsi zinawazungumza, maadamu hawajayatenda au hawajayasema. Baraza likalidaka lile neno la mwisho: "Si ndiyo! Yeye aliyasema!" Nami kwa siku kadhaa nililiona hilo ni pigo. Kisha nikakumbuka Hadithi hii mafakihi wanaitumia wapi. Wanaitumia katika talaka: mume akimwacha mkewe moyoni, talaka haipiti mpaka atamke. Akitamka kwa mkewe, hata kwa mzaha, imepita, kwa sababu neno limemfika mwenyewe na limegusa haki yake. Lakini mwalimu wa fiqhi anayerudia lafudhi za talaka mbele ya wanafunzi asubuhi nzima, jioni anarudi nyumbani kwa mkewe yuleyule. Neno ni moja, lakini mwalimu hakuwa akimwacha mtu.

Kwangu mstari unapita hapo. Kumpelekea mwanamke ujumbe kwamba nitakuteka ni jinai papo hapo, kwa kuwa hofu imeshamwingia na maisha yake yameshabadilika. Kupatana na mwenzako kweli kweli, kwa siku, kwa gari, kwa fedha iliyotoka mkononi, ni njama hata kama hamjafika mlangoni kwake. Kumwambia mgeni wa mtandao, katika ukurasa wako wenyewe ulioandika kuwa kila usemalo ni njozi, kama Valle alivyoandika, ni jambo la kuchukiza, la aibu, la kuvunja ndoa. Si kutekeleza. Sheria za adhabu tulizozirithi Afrika Mashariki zinaitambua tofauti hii tangu zamani: jaribio la kosa linataka mtu aanze kuitekeleza nia yake kwa njia zinazofaa kuitimiza, na aidhihirishe kwa kitendo cha wazi.

Kwa watoto mstari usogee nyuma, na hapa sina utata. Picha ya mtoto wa kweli anayedhalilishwa si njozi ya mtu yeyote. Ni ushahidi wa jinai iliyokwisha kutendeka. Uingereza, kwa sheria yake ya 2003, ilifanya kosa kumzoeza mtoto kwa maneno kisha kukutana naye au kufunga safari ya kukutana naye kwa nia ya kumdhalilisha, bila ya kungoja mkono umguse, na ni sawa, kwa sababu kumzoeza mtoto ni kitendo anachotendewa mtoto.

Linaloniuma zaidi liko karibu zaidi. Wazanzibari tuna neno letu, muhali: kuoneana haya mpaka haki ikaachwa. Kesi ya udhalilishaji inaanza kwa kelele, inafika kwa sheha, inafika Dawati la Jinsia na Watoto, halafu familia zinakaa kitako. Mtuhumiwa ni ami, ni mtoto wa jirani, ni mtu wa watu. Mama anaombwa asiharibu udugu. Siku ya kesi shahidi haonekani. Serikali ilianzisha mahakama maalumu ya kesi hizi mwaka 2021, ni hatua ya maana, lakini mahakama bila shahidi ni jengo tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tunamstiri aliye nguoni kisha tunataka kumfunga maisha mtu wa New York aliyeandika uongo kuhusu chumba asichokuwa nacho. Usiku ule barazani walikuwamo watu, nami simo nje yao, ambao wamewahi kukaa katika vikao vya kusuluhisha mambo yasiyofaa kusuluhishwa. Ukali wetu kwa njozi haukutugharimu kitu. Ukali kwa kitendo ungetugharimu shemeji, mkwe, na salamu za Idi.

Ndiyo maana siamini kwamba sheria inayoadhibu mawazo ingewalinda mabinti wa mzee wetu. Ingempa askari kazi nyepesi ya kusoma simu za watu, na ingempa jirani mwenye chuki silaha mpya. Mwanamke aliyefungua simu ya mumewe akakuta jina lake limeandikwa hivyo angeogopa zaidi kusema, kwa kujua kwamba kusema ni kumpeleka baba wa watoto wake kifungo cha maisha. Leo angalau anaweza kwenda kuuliza, pakachunguzwa, na akaondoka katika nyumba ile akiwa salama.

Juzi nilimrudia mzee nikamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na aliyetajwa angekuwa mwanangu?" Nikamwambia ningetoka naye usiku uleule hadi kituoni. Ningetaka polisi waende kwa yule mtu, wapekue gari, banda, shamba, simu. Ningetaka akatazwe kumkaribia binti na apelekwe kwa daktari wa akili. Na wasipokuta kamba, wala nyumba, wala mtu wa pili, ningetaka aachiwe, huku mimi na mzee tukiendelea kumtupia jicho. Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema hilo la kumtupia jicho analikubali, la kumwachia bado linampa tabu, na akanambia nimsindikize msikitini.