Taarifa zimeibwa, ila mahakama inasema hujaumia

Majaji wa Marekani wanaofuta kesi za uvujaji wa data, ambapo wateja hushtaki kampuni zilizoibiwa taarifa zao, wana hoja ya kikatiba, na si hoja nyepesi: kazi yao ni kusikiliza migogoro halisi tu. Mwaka 2013, katika kesi ya Clapper, Mahakama ya Juu ilisema madhara yanayohofiwa lazima yawe yanakuja kwa hakika, na kwamba mtu hajipatii haki ya kushtaki kwa kutumia pesa kujikinga. Mwaka 2021, katika kesi ya TransUnion, ikaongeza kuwa hatari ya kesho peke yake haitoshi kudai fidia. Bila kizuizi hicho, wanasema, kila uvujaji ungezaa kesi ya mamilioni ya wadai, na mawakili ndio wangenufaika.

Lakini tazama yaliyowapata wateja wa maduka ya Neiman Marcus. Mwaka 2013 wadukuzi walizifikia kadi zao zipatazo 350,000. Kadi 9,200 zikajulikana kutumika kwa ulaghai. Je, wenye zile 340,800 nyingine? Kampuni ilidai hawana kesi. Hebu tujiulize ile takwimu ya 9,200 inahesabu nini. Haituambii wangapi wako salama, inatuambia tu wezi walikuwa wamefika wapi siku hesabu ilipofungwa. Waliobaki waliibiwa na wezi walewale, kwa nia ileile. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 7 ililiona hilo, ikauliza wadukuzi wangeiba taarifa za watu kwa ajili ya nini kingine. Ikagusia pia kwamba kampuni yenyewe iliwapa wateja mwaka mzima wa ufuatiliaji wa mikopo bila malipo, yaani huduma ya kumtahadharisha mtu pale mwingine anapokopa kwa jina lake. Nani hugharimia kinga ya hatari isiyokuwepo?

Na kadi, angalau, hubadilishwa. Namba ya hifadhi ya jamii, inayomtambulisha mtu Marekani, na tarehe ya kuzaliwa, kama zilizovuja mwaka 2017 kutoka Equifax, kampuni inayotunza taarifa za mikopo, kwa watu wapatao milioni 147, mwizi anaweza kuzikalia miaka. Akisubiri, mdai anaambiwa hajaumia. Akizitumia, mdai anaulizwa atathibitishaje kwamba zilitoka kwa kampuni hii na si nyingine. Aende mahakamani lini, basi?

Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Bulgaria, ilikubali kwamba hofu ya taarifa kutumiwa vibaya inaweza kustahili fidia, mradi mdai aithibitishe. Naona huo ndio utaratibu wa haki: mtu asikilizwe kwanza, ushahidi wake upimwe, na asiye na ushahidi akose fidia baada ya kusikilizwa.