Siku Niliyobomoa Ngara kwa Kamera

Barabara ya juu ya kilomita 27 itokayo Mlolongo hadi Westlands ilipofunguliwa mwaka 2022, nilitafuta katika hifadhi yangu picha za miti iliyokuwa kando ya Uhuru Highway kabla ya ujenzi, nikapata moja tu, nayo ilikuwa ya shemeji yangu akiwa amefumba macho. Kwa aibu hiyo niliapa kwamba Ngara, mtaa wa jijini Nairobi, haitanipita vivyo hivyo: kabla nyumba zake za mawe zilizojengwa na Wahindi enzi za ukoloni hazijamezwa zote na maghorofa, nitazipiga picha pamoja na vibanda vilivyojipanga mbele yake.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimeshafika. Kwa kuwa mwanga ulikuwa haba, kamera ilikaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Ili kuta zisionekane zimelala, nilichungulia kila mara kipovu cha pimamaji. Na ili bodaboda zisinigonge, nilivaa kizibao cha manjano kinachong'aa. Mkononi nilikuwa na daftari, nikihesabu vibanda. Mkaazi yeyote wa Nairobi anajua kwamba mtu wa sura hiyo hutangulia alama ya X nyekundu ukutani, na X hutangulia tingatinga. Mimi pekee ndiye niliyesahau.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi aliniita kwa upole.

"Mwanangu, ni leo?"

"Ni leo, mama," nilimjibu kwa furaha, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Jua likichomoza tu, naanza."

"Vibanda vyote?"

"Vyote. Sitaacha hata kimoja."

Punde nikasikia nyundo. Nilipoinua kichwa, karai la mandazi lilikuwa limeshaondoka na mafuta yake, fundi viatu alikuwa amekunja mwavuli, na vijana wawili walikuwa wakibandua mabati ya kinyozi, wakitia kila msumari kwenye kopo, maana msumari ni pesa. Kinyozi mwenyewe alinipa mkono, na kiganjani nikahisi noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne. Aliomba chake kiwe cha mwisho. Jua lilipochomoza, lilikuta barabara tupu na paka mmoja akinusa andazi bichi.

Nilimrudishia noti yake, nikatangaza kwamba mimi ni mpiga picha tu. Hakuna aliyenitukana, jambo lililonitisha zaidi. Mama alinyoosha kidole kuelekea kwenye mabati.

Hadi saa tano nilikuwa nikibeba mbao, nikishikilia nguzo na kulipia unga ulioharibika. Picha niliyopata siku hiyo ni moja, na aliyeipiga ni mtoto wa mama wa mandazi: nimevaa kizibao, bati liko kichwani, nimefumba macho kama shemeji yangu, na nyuma yangu nyumba ya mawe imelalia upande wa kushoto.