Babu wa Herufi Kubwa

Mzee alipotimiza miaka 80 tulikubaliana kwenye grupu la familia kwamba hakuna mambo makubwa: dua, pilau, keki ya wajukuu, basi. Kabla wiki haijaisha tayari kulikuwa na turubai, spika mbili zenye kimo cha mtu mzima na projekta ya kukodi. Mimi nikakabidhiwa maiki, kwa sababu nyumbani kwetu mtoto wa pili hupewa kazi zote ambazo wa kwanza amezikataa.

Picha zilikuwa kazi ya Sele, mtoto wa kaka, anayesoma kompyuta chuoni Dar. Sele anatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na mtu anayetumia Linux huwezi kukaa naye nusu saa asikwambie kwamba anatumia Linux. Alikusanya picha kila kona. Za zamani alizipiga upya kwa simu kutoka kwenye albamu ya Mama, nyingine alitumiwa na ndugu, kisha akaandika skripti ya Python, yaani programu fupi, ya kuzikagua na kuzipanga.

"Ba'mdogo, hii haikosei," akanihakikishia. "Jina likijirudia, inagoma palepale."

Kilichogoma ni waya. Laptopu yake haikuwa na tundu la projekta. Ikabidi picha zote zifungwe kwenye faili moja la zip, ziingizwe kwenye flashi, zihamie kwenye laptopu ya shemeji, ambayo ni ya Windows. Shemeji alizifungua kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika sahani ya pilau. Nilimwona kwa mbali akiinama, akikodolea macho skrini, akibonyeza kitu, akibonyeza tena, halafu akaninyooshea dole gumba. Nikawasha maiki.

Shuka ilitundikwa nyuma yangu. Nami, kama mshereheshaji yeyote anayejiheshimu, nilisimama nikiwatazama wageni, karatasi mkononi, shuka kisogoni.

"Mabibi na mabwana, huyu mnayemwona hapa ndiye Mzee wetu, mwaka 1968, stesheni ya Korogwe, akiwa karani kijana wa reli!"

Watu wakaangua kicheko. Nikashangaa kidogo, maana hapo sikuwa nimeweka utani, lakini kicheko hakirudishwi. Nikaendelea.

"Itazameni hiyo shingo! Kola imenyooka, hata mkunjo mmoja hamna!"

Upande wa akina mama mtu akaanza kupigapiga mkeka kwa kiganja.

"Na koti hilo ndilo hilohilo, jua lake, mvua yake. Mama ananiambia hata kulivua ilikuwa kesi!"

Mjomba wetu mmoja, ambaye kwa kawaida hacheki mpaka apewe sababu ya kimaandishi, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Nikajisemea moyoni, leo nimeamka vizuri. Nikawapa mstari niliokuwa nimeuwekea akiba.

"Alikuwa mtu wa mbio! Treni ikipiga honi Muheza, yeye keshasimama jukwaani Korogwe anaingoja! Na siri ya afya yake ni moja tu, ndugu zangu. Mchicha!"

Hapo ndipo mtoto mmoja aliyekaa mbele akapaza sauti: "Babu ana miaka mia na arobaini na nane! Imeandikwa mgongoni!"

Nikageuka.

Kwenye shuka, kwa upana wa ukuta mzima, alikuwepo kobe. Si vikobe hivi vya vichakani, la, ni lile dude la Changuu, kisiwa kidogo kinachotazamana na mji wa Zanzibar, wanakofugwa kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra huko Shelisheli. Shingo kaitoa yote. Mdomoni ananing'iniza jani la kijani, na uso wake ni wa mtu aliyegongewa mlango katikati ya chakula. Kobe wale huandikwa umri kwa rangi juu ya gamba, na wa kwake ulisomeka mpaka viti vya nyuma.

Mzee alikuwa mstari wa kwanza, kanzu na koti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama kobe kwa utulivu wa mtu anayekagua tiketi.

"Picha nzuri," akasema. "Ila mwaka huo sikuwa mnene hivyo."

Yaliyofuata nayakumbuka kwa mafungu tu. Nilimwambia shemeji asogeze mbele, akasogeza. Slaidi za dada zangu zikapita, nikasoma karatasi bila kuangalia ni nani yuko nyuma yangu. Tukafika sehemu ya safari ya wajukuu Zanzibar na yule kobe akatokea tena, safari hii mahali pake halali, na ukumbi ukamshangilia kuliko mtu yeyote aliyetajwa jioni ile. Dada yangu mkubwa aliaga kabla ya keki, akasema anawahi gari la Pangani. Sikulitilia maanani.

Asubuhi yake kesi ikasikilizwa barazani. Hakimu alikuwa Mzee mwenyewe, na kikombe chake cha kahawa. Shahidi wa kwanza, shemeji.

"Iliniuliza swali la Kiingereza," akasema, "eti kuna faili lenye jina hilohilo, nilibadilishe? Nikakubali. Mimi nani nikatae?"

Sele akaruka. "Hakukuwa na jina hilohilo! Skripti ilikagua!" Akafungua laptopu yake kwa hasira na kutuonyesha. Kweli, mafaili yalikuwa mawili. Moja limeandikwa Babu.jpg, ndani yake kijana wa Korogwe na kofia yake ya reli, mzuri wa kuposwa. La pili limeandikwa babu.jpg, ndani yake kobe.

Ilivyotokea ni hivi. Picha ya Mzee ilipewa jina kwenye simu, na simu ikishaona unaanza kuandika hukimbilia kukupa herufi kubwa. Ya kobe ilipewa jina kwenye kompyuta na Zuhura, mdogo wake Sele, ambaye tangu ziara ya shule kule Changuu humwita kobe yule babu, kwa mapenzi kabisa. Skripti ikalinganisha majina herufi kwa herufi. Kwa kompyuta B kubwa ni namba 66 na b ndogo ni 98, kwa hiyo haya ni majina mawili tofauti, songa mbele. Linux nayo ikakubali, maana kwa kawaida inahifadhi jina kwa baiti zake, yaani namba hizo za herufi, na kulitafuta kwa baiti zizohizo. Windows ina tabia nyingine: inatunza jina jinsi ulivyoliandika, lakini wakati wa kulitafuta haijali ukubwa wa herufi. Kompyuta za Mac nazo zinauzwa zikiwa na tabia hiyo. Skripti ilipanga majina kwa namba, herufi kubwa mbele, basi Mzee akafunguliwa kwanza, kisha kobe akaja na kuambiwa na shemeji aingie. Jina likabaki lile la mwanzo, yaliyomo yakawa ya kobe.

"Kwa hiyo nyumba ni yangu, mpangaji ni kobe," akasema Mzee.

"Kosa ni la Windows, Babu," akasema Sele.

Nikamkatalia. Aliyekuwa anakagua ni yeye, na alikagua kwa kanuni za diski yake wakati mzigo unakwenda kwenye diski ya mtu mwingine. Ukilinganisha majina ya mafaili, swali si wewe unayaonaje. Diski itakayoyapokea itayaona mangapi? Sele akajitetea kwamba hata wakubwa waliteleza hapo, na kwa hili ana haki. Mwaka 2014 Git, programu ambayo waandishi wa programu duniani kote hutunzia kazi zao, ilikutwa na tundu la namna hiyohiyo. Ilikuwa inakataa mtu asilete faili ndani ya folda la siri liitwalo .git, lakini ikilinganisha kwa herufi ndogo tu. Mwovu akiandika .GIT anapita mlangoni, na akifika kwenye diski ya Windows au Mac anaingizwa kwenye folda lilelile lililokatazwa, anaweka amri zake humo. Ikabidi litolewe toleo jipya.

Mzee alisikiliza yote, akanywa kahawa.

"Sisi relini tulipeleka habari kwa Morse, milio mifupi na mirefu," akasema. "Morse haina herufi kubwa. Waziri na kuli, mdundo mmoja. Na hakuna siku niliyoletewa kobe."

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Kabla ya kulinganisha, majina yote yakunjwe kuwa herufi ndogo, kwa ajili ya ukaguzi tu, bila kuyagusa majina yenyewe. Python ina amri yake ya kazi hiyo, casefold. Sele akaniambia, akiwa ameshapata tena sauti ya chuoni, kwamba hata kukunja herufi si jambo la kuparamia. Ukitumia lugha ya programu inayofuata mipangilio ya nchi, na kompyuta imewekwa Kituruki, I kubwa ikishushwa hugeuka ı isiyo na nukta, na ukaguzi wako unaanza kuyaona majina yanayofanana kuwa tofauti. Nikamwambia mambo ya Uturuki tutayashughulikia akioa huko.

Akaongeza mstari, akaiendesha skripti upya kwenye folda zima ili tuone inavyogoma. Ikagoma. Ikaandika kwamba Babu.jpg na babu.jpg yanagongana. Tukapiga makofi. Halafu ikaandika mstari wa pili.

Shangazi.jpg na shangazi.jpg yanagongana.

Baraza likanyamaza. Shemeji akakumbuka kwamba, eh, lile swali la Kiingereza lilikuja mara mbili. Sele akafungua picha. Herufi kubwa, dada yangu mkubwa, yule wa Pangani. Herufi ndogo, dada wa Muheza. Maana yake jana, nilipokuwa nasoma karatasi kisogo kikiwa shukani, nilimsifu dada mkubwa kwa malezi, kwa subira na kwa kusomesha wadogo zake, huku watu wote wakimtazama dada wa Muheza. Kisha nikamsifu dada wa Muheza, nao wakamtazama tena dada wa Muheza. Hao wawili hawajasalimiana vizuri tangu ugomvi wa shamba la minazi.

Kumbe gari la Pangani halikuwa na haraka yoyote.

Kazi ya kumpigia simu akatwishwa Sele, kwa kauli ya hakimu. Akaweka spika ili sote tusikie. Akamweleza shangazi yake kwa adabu, taratibu, kuhusu herufi, diski, Linux, Windows. Upande wa pili kimya, kuku tu wakisikika.

"Kwa hiyo mimi niliandikwa kwa herufi kubwa?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, Shangazi. Kubwa kabisa."

"Na yeye ndogo."

"Ndogo, Shangazi."

"Na kwenye hiyo Windows yenu, aliyefutwa ni nani?"

Sele akanitazama, mimi nikamtazama shemeji, shemeji akachukua sahani yake akaingia ndani.