Mbao za bomoabomoa si mbao za bei rahisi

Mteja anayeambiwa kuwa meza aliyoipenda imetengenezwa kwa mbao za nyumba iliyobomolewa huuliza jambo moja: mbona mtumba unauzwa kama mpya? Swali ni la haki. Karakana nyingi za Mtwara na Lindi hulijibu vibaya, kwa kusifia uzuri wa mninga wa zamani wakati mteja anataka kuonyeshwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua fremu ya mlango ya inchi mbili kwa sita: miimo miwili ya futi 7 na kizingiti cha juu cha futi 3, jumla futi 17. Kila mwimo hukatwa futi moja chini, maana hapo ndipo saruji, unyevu na mchwa vilipokutana miaka yote. Kisha uichane na kuiranda mpaka uondoe ngazi ambayo mlango ulikuwa ukigota, matundu ya bawaba na rangi. Kinachobaki ni futi 15 za ubao wa inchi moja na nusu kwa tano. Hiyo ni asilimia 55 hivi ya ujazo ulioununua. Asilimia 45 imekwenda kwenye kuni na vumbi, na hapo hujahesabu fremu iliyopasuka mikononi mwa wabomoaji. Ukinunua kwa nusu ya bei ya mbao mpya, tayari umepoteza karibu unafuu wote kabla hujamlipa fundi hata siku moja.

Na fundi ana kazi. Sumaku kubwa ya spika hupitishwa pande zote nne kutafuta misumari, lakini skrubu za shaba ya manjano haivuti, kwa hiyo macho na tindo lazima vifuate. Mchanga na chokaa husuguliwa kwa burashi ya waya. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, hivyo hulowanishwa kwanza, haikwanguliwi kavu. Baada ya mchano wa kwanza sumaku hurudi tena, maana kuna misumari iliyokatika kichwa ikazama ndani. Mmoja tu ukipita, kisu cha mashine ya kuranda hupata pengo, na pengo hilo huacha mstari ulioinuka kwenye kila ubao unaofuata mpaka visu vinolewe.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu ya ukavu. Ubao wa inchi moja uliotoka msituni mbichi huhitaji takriban mwaka mzima kukauka kwa hewa, umepangwa kivulini na vijiti katikati. Karakana chache zina mtaji wa kungoja. Mteja ametoa kianzio, anataka sebule ipendeze kabla ya sikukuu, basi mbao inaingia kazini ikiwa na maji. Mvua zikiisha mwezi wa nne na kiangazi kikaingia, uso wa meza unasinyaa: gundi inaachia, ulimi wa kiungo unalegea kwenye tundu lake, ufa unafuata. Fremu iliyosimama ukutani miaka 40 imekwisha kuvumilia misimu hiyo yote. Bado inacheza kidogo, na ikichanwa inaweza kupinda, kwa hiyo ipangwe chini ya paa wiki mbili au tatu kabla ya kuunganishwa, na uso wa meza ufungwe kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu ili upate nafasi ya kutanuka. Hata hivyo, tofauti yake na mbao mbichi ni kubwa, na ndiyo mteja anayoilipia.

Upande wa pili, wa wanaotetea mbao mpya, una hoja nzito. Wilaya ya Kilwa ina vijiji vinavyomiliki misitu yao na kuvuna mpingo, mninga na mkongo kwa mpango. Cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kilichopatikana huko mwaka 2009 kilikuwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Fedha ya gogo la kijiji hubaki kijijini, hivyo anayekataa kila mbao mpya kwa jina la kuhifadhi misitu huwanyima wanunuzi watu wanaoilinda kwa kweli. Nalikubali hilo bila masharti. Ila mbao nyingi zinazoingia karakana kwa bei ya kutupa hazitoki huko. Hazina alama ya nyundo ya maafisa misitu wala hati ya kusafirishia, na hizo ndizo zinazoifanya ya zamani ionekane ghali.

Si kila cha zamani kinafaa, lakini. Mbao za jahazi zimenyonya chumvi: huvuta unyevu, skrubu hushika kutu na vanishi hubabuka. Nguzo za umeme zimelowekwa dawa, zisiingie ndani ya nyumba. Unga mweupe unaodondoka kwenye vitundu ni alama kuwa wadudu bado wamo. Na fremu yenye nakshi ya Mikindani au Kilwa Kivinje isiguswe kwa msumeno: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa zilizobaki, andikiana na mwenye nyumba, piga picha kabla ya kubomoa, pata barua ya serikali ya mtaa, kwa sababu kwenye kizuizi cha maliasili ubao uliorandwa haujitetei wenyewe.

Fremu nne hutoa meza moja ya futi 5 kwa 3: miimo minane ndiyo uso, vizingiti vinne ndivyo miguu ya inchi 30. Kitanda ni habari nyingine. Ubavu wa kitanda cha futi tano kwa sita huzidi futi 6 kidogo, na mwimo uliokatwa umebaki futi 6 kamili. Kuuunga ubavu ni kumwandalia mteja kitanda kinacholia. Hapo nunua mbao ndefu ya kijiji yenye hati, ingoje ikauke, na chaga zitoke kwenye kenchi za zamani.