Kugawa parokia ya kijijini: hesabu ya Misa na hesabu ya mfuko

Kila parokia kongwe ya kijijini ina kigango, yaani kanisa dogo la mtaani lililo chini ya parokia, kimoja kilichochoka kuitwa kigango. Kina kanisa la tofali za kuchoma, kina kwaya mbili zisizopikika chungu kimoja, na barua yake ya kuomba kuwa parokia imeshafika kwa Baba Askofu zaidi ya mara moja. Wanaodai wanasema padre yuko mbali. Wanaokataa, ambao kwa kawaida ni halmashauri ya walei ya parokia mama, wanasema mfuko hautabeba. Wote wana hoja. Lakini wakishahesabu Misa na fedha humsahau katekista, mlei anayefundisha dini na kuongoza sala mtaani, na huyo ndiye aliyeikuza parokia hadi ikafikia kugawanywa.

Chukua Kilema, kwenye mteremko wa kusini mashariki wa Kilimanjaro. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont wa Shirika la Roho Mtakatifu alipanda kutoka pwani akiwa na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, na Mangi (mtawala) Fumba akawapokea. Misheni ya Kilema ikaanza, ikafuatwa na Kibosho mwaka 1893 na Mkuu, Rombo, mwaka 1898. Njia yao haikuwa ile ya Bagamoyo. Kule, tangu 1868, misheni ilijengwa juu ya watumwa waliokombolewa: waliwekwa kwenye kijiji chao, wakapewa mashamba, kengele ikapanga siku yao. Mlimani watu walikuwa na vihamba vyao (mashamba ya ukoo ya kuzunguka nyumba), migomba yao na koo zao. Hakuna ambaye angehama akaishi uani kwa mapadre. Kanisa lilibidi liende mtaani.

Anayejua sura ya mlima anajua kwenda mtaani maana yake nini. Mito inashuka kutoka msituni kwenda tambarare, na katikati yake kuna migongo ya ardhi inayokaliwa. Kupanda na kushuka kwenye mgongo mmoja si kazi kubwa. Kuvuka kwenda wa pili ni kushuka korongoni hadi mtoni na kupanda upya, na wakati wa masika njia inateleza kama sabuni. Padre mmoja asingeweza kuzungukia migongo yote. Kwa hiyo kila mtaa ulipata kibanda cha shule na mwalimu: asubuhi irabu na katekisimu, Jumapili sala. Ushindani nao ulisaidia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba, jirani kabisa na Kilema, mwaka 1894. Kuanzia hapo shule ilikuwa kama bendera, na aliyetangulia kujenga ndiye aliyeushika mtaa. Wengi wa vigango vya leo katika parokia za namna hii vina asili hiyo: shule kwanza, kanisa baadaye, padre mwisho.

Kupanda vyeo kwa jimbo kunasomeka vizuri katika tarehe: Vikariati (eneo la kimisioni lisilo bado jimbo) ya Kilimanjaro ilitengwa na Bagamoyo mwaka 1910, ikawa Jimbo la Moshi mwaka 1953. Lakini tarehe hizo zinaficha miaka ambayo mapadre walikuwa wachache, hasa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, kabla uongozi haujapita kwa Henry Gogarty kutoka Ireland na baadaye Joseph Byrne kutoka Marekani. Sala za mitaani ziliendelea kwa sababu aliyezisalisha alikuwa mwenyeji wa hapo hapo.

Mwaka 1970, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilichukua shule za madhehebu. Tunaposimulia tukio hilo huwa tunahesabu majengo, na kumbe hasara kubwa zaidi kwa vigango ilikuwa mtu. Hadi wakati huo, mara nyingi aliyefundisha kusoma Jumatatu ndiye aliyesalisha Jumapili, na riziki yake ilitoka upande wa shule. Baada ya hapo mwalimu akawa mtumishi wa serikali anayehamishwa kama wengine, na katekista akawa mzigo wa mfuko wa parokia. Parokia nyingi za vijijini hazijapona jeraha hilo. Bajeti ikibana, posho ya katekista ndiyo ya kwanza kukatwa, kisha watu wanashangaa mafundisho ya kipaimara yamelegea.

Sasa tuje kwenye hoja ya umbali, kwa namba. Kanuni ya 905 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema padre huadhimisha Misa moja kwa siku. Palipo na upungufu wa mapadre askofu anaweza kuruhusu mbili, na Jumapili na sikukuu za amri hata tatu, kama mahitaji ya kichungaji yanadai. Tuseme parokia ina kanisa la makao makuu na vigango 7, na padre mmoja mwenye ruhusa ya Misa tatu. Moja ni ya makao makuu, mbili zinazunguka vigango 7. Kila kigango kinapata Misa ya Jumapili mara moja katika wiki tatu au nne. Jumapili nyingine ni ibada ya Neno inayoongozwa na katekista.

Parokia ikigawanywa mara mbili, kila upande kanisa la makao makuu na vigango 3, kila upande na padre wake, vigango vinapata Misa Jumapili mbili kati ya tatu. Watu watapiga vigelegele. Lakini mlete padre yule wa pili aishi nyumba moja na wa kwanza, bila kugawa chochote: Misa 6, moja ya makao makuu, tano kwa vigango 7. Hapo kila kigango kinapata Jumapili tano kati ya saba. Jumla ya Misa ni 6 kwa njia zote mbili. Kilichoziongeza ni padre wa pili, na mpaka mpya haukuongeza hata moja. Kwa hiyo hoja ya "tutapata Misa zaidi" haina nguvu kama inavyoonekana kwenye barua za maombi, na anayeitegemea peke yake anastahili kujibiwa apewe paroko msaidizi na pikipiki.

Tena mapadre wawili chini ya paa moja wanatumia jiko moja, tangi moja la maji, karani mmoja, mlinzi mmoja. Ukigawa, vyote vinakuwa viwili, kuanzia nyumba ya mapadre, choo na umeme wa jua hadi usafiri, kabati la chuma la nyaraka, mavazi ya rangi zote za liturujia na tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Kanuni ya 938 inataka tabernakulo lisilohamishika, gumu, lisiloonyesha kilichomo na linalofungwa kwa ufunguo. Kisanduku cha mbao alichochonga fundi wa kijijini kwa nia njema, chenye kitasa cha kabati, hakifai. Mambo madogo ya aina hii ndiyo yanayokula michango miezi sita ya kwanza.

Hata hivyo upande wa wanaodai una kitu ambacho hesabu ya Jumapili haikioni. Mpako wa wagonjwa hutolewa na padre tu. Katekista anaweza kuzika, anaweza kuongoza ibada, na askofu akimpa jukumu hilo anaweza kubatiza. Lakini mgonjwa anayekata roho saa 2 usiku ng'ambo ya korongo tatu anahitaji padre anayelala karibu. Vivyo hivyo kitubio, na mashauri ya ndoa ambayo hayaishi kwa kikao kimoja baada ya Misa huku pikipiki inaunguruma nje.

La pili ni fedha yenyewe. Kigango kinakusanya zaka na sadaka, sehemu kubwa inapanda makao makuu, na kinachorudi mara nyingi ni risiti. Kikiwa parokia, kinapata kamati ya fedha yake kwa lazima ya kanuni ya 537, na watu wanaona bati walilochangia likipigiliwa. Utoaji huongezeka watu wanapoiona fedha yao. Halmashauri za parokia mama hazipendi kulisema hili kwa sauti, kwa kuwa kigango kinachodai kuondoka mara nyingi ndicho kinachotoa zaidi. Wakisema "hawataweza kujitegemea", wakati mwingine wana maana kwamba wao ndio hawataweza.

Basi uwezo upimweje? Kosa la kawaida mlimani ni kuhesabu Desemba. Mwezi huo waliozaliwa hapo wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, kanisa linafurika hadi uwanjani, na harambee moja inaezeka nyumba ya padre. Kufikia katikati ya Januari wamebaki wazee, watoto na wajukuu waliolelewa na bibi. Zamani kahawa ilitoa msimu wa fedha kwa walioishi hapo hapo, na chama cha ushirika wa kahawa cha KNCU, tangu 1933, kilikuwa sehemu ya maisha ya kila kihamba. Leo vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki, na mkono unaojenga uko mjini. Mkono huo hujenga vizuri sana. Haulipi posho ya katekista mwezi wa tatu.

Hesabu ya kuaminika hutoka kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970. Kila mwenyekiti wa jumuiya aandike kaya zinazolala hapo, si zinazotokea hapo, na mhasibu wa kigango atoe mapato ya miezi 12 mfululizo. Kisha toa Desemba na mwezi wa mavuno. Miezi 10 iliyobaki ikiweza kulisha padre mmoja, kulipa makatekista na kuweka akiba kidogo ya matengenezo, kigango kimeiva. Isipoweza, sheria imeweka ngazi ya kati katika kanuni ya 516, parokia teule: padre anakaa, vitabu vinafunguliwa, hali inapimwa. Naona ngazi hii inatumika kidogo kuliko inavyostahili, labda kwa sababu watu wanaona kama wamevishwa pete ya uchumba badala ya ya ndoa.

Hesabu hii ya mlimani haihamishiki kila mahali. Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako wamisionari Wakatoliki wa White Fathers walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, umbali ni umbali kweli. Kule kutoka kigango hadi kingine kunaweza kuchukua siku, kwa mtumbwi au kwa barabara isiyopitika masika. Padre wa pili anayelala nyumba moja na wa kwanza anaongeza Misa kwenye karatasi tu, kwa sababu Misa tatu za Jumapili hazitimii njiani. Huko kugawa mapema, hata kwa nyumba ya chumba na sebule, kunaeleweka. Lakini hata huko historia inamtaja mlei. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta, alitumikia Karema kama katekista na tabibu kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mapadre walikuja wakapokezana, yeye akabaki.

Uamuzi wenyewe ni wa askofu peke yake, baada ya kusikiliza baraza la mapadre, kwa kanuni ya 515. Kabla haujafika mezani kwake, mambo mawili huuvuruga. La kwanza ni ardhi. Kiwanja cha kigango mara nyingi kilitolewa kwa mdomo na mzee wa ukoo, mbele ya mashahidi ambao wote wamelala makaburini. Siku kigango kinapotangazwa kuwa parokia na trekta la mchanga likaingia, mjukuu anakuja na mpaka wake wa sale, mmea unaopandwa mipakani. Dawa ni kumaliza karatasi kwanza: muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kisha hati kwa jina la Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya jimbo, kamwe si kwa jina la mwenyekiti wa kigango. Mipaka ya parokia nayo ichorwe kwa mto au barabara. Ikichorwa kwa majina ya koo, ndoa ya kwanza kati ya koo mbili inaivuruga.

La pili ni madaftari. Kila mstari wa daftari la ubatizo una namba, jina, wazazi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, mdhamini na mbatizaji, na kando nafasi ya kipaimara na ndoa. Vigangoni taarifa huandikwa kwanza kwenye daftari la shule, zikahamishwa makao makuu baada ya wiki au miezi. Njiani Joseph anakuwa Yosefu, jina la babu linashika nafasi ya baba, tarehe inaachwa wazi. Miaka 25 baadaye tangazo la ndoa linakwama kwa kukosa cheti. Kabla ya mgawanyo, karani wa parokia mama na katekista wa kigango wakae mezani pamoja, walinganishe daftari la shule na daftari kubwa mstari kwa mstari, kwa sababu katekista ndiye anayemjua Yosefu ni yupi.

Vitabu vya zamani havigawanywi. Aliyebatizwa kabla ya dekri (hati ya amri) ya askofu anabaki kwenye kitabu cha parokia mama, na ndoa yake, hata ikifungwa parokia mpya, lazima itaarifiwe huko iandikwe pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo wachumba wa parokia mpya wataendelea kuvuka korongo kufuata vyeti kwa kizazi kizima. Parokia mpya inanunua daftari lake, na mtoto wa kwanza kubatizwa humo anaandikwa namba 1.